Nani Amfundishe Mtoto Karata?

Hoja ni hii: karata zisiingie katika nyumba yenye watoto. Mtoa hoja ni mzee wa kanisa, mkazi wa Kamanga ya upande wa Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, aliyewahi kumiliki mitumbwi ya dagaa kabla magoti hayajamkatalia maji. Wa kwanza kumpinga ni bibi, mjane wa mchukuzi wa reli. Wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, naye hapatani na bibi kama anavyodhani. Msemaji wa nne ni mama lishe wa kivukoni, ambaye amekuja na hoja yake mwenyewe. Sauti nimezitunga, lakini hoja zao utazisikia kwenye benchi lolote la kusubiria feri, upande huu na upande wa mjini. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MZEE: Mwadila, mayu. Mwadila, mwalimu. Na wewe binti. Kazi ya dagaa ni kazi ya giza, mnaijua. Mwezi ukiwa haupo, taa inawavuta, nyavu zinajaa, hela inapatikana. Mwezi ukiwaka, taa yako haina maana, dagaa wametawanyika, mitumbwi inalala mwaloni. Siku hizo za mbalamwezi kambi nzima haina kazi, na kila kijana ana mgawo wa giza lililopita mfukoni. Hapo ndipo pakiti ya karata inapotoka. Nimeona mtu akicheza mgawo wake wote, akauza redio, akaja kwangu kukopa mgawo wa giza linalokuja. Anakwenda ziwani usiku kuvua samaki ambao mwenzake amekwisha kuwala. Na hakuna aliyejifunzia mwaloni. Walijifunza wadogo, kwa vifuniko vya soda, na wazazi wakacheka.

BIBI: Mwadila, baba. Yote hayo ni kweli, hata mimi nina mjukuu huko Kome. Lakini nikuulize. Waliomla huyo kijana, walikuwa wanajua kucheza kuliko yeye?

MZEE: Walikuwa wanajua.

BIBI: Na yeye alikuwa hajui. Basi hilo ndilo tatizo lake la kwanza.

MZEE: Tatizo lake la kwanza, mama, ni kukaa pale.

MAMA LISHE: Hapo mzee kanena.

Kanena, nami namkubalia zaidi ya anavyodhani. Hata sheria zetu hazigombani na karatasi zilizochorwa, zinagombana na dau. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Mwingereza inamhesabu anayecheza mchezo wa bahati hadharani kwa pesa, au kwa kitu chenye thamani ya pesa, katika kundi la wazururaji. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ikaja kusimamia wenye leseni, na watoto wa chini ya miaka 18 ikawafungia mlango. Kwa hiyo vifuniko vya soda vya mzee si jambo dogo. Mtoto akishazoea kwamba mchezo hauna ladha mpaka kuwe na kitu cha kuchukua, siku atakapopata shilingi ataiweka pale kilipokuwa kifuniko. Lakini hoja yake ilikuwa pana kuliko hapo: alisema karata zenyewe zisiingie.

MWALIMU: Mzee wangu, shikamoo. Mimi naziona karata darasani. Mtoto wa Darasa la Kwanza hajui kwamba tisa ni kubwa kuliko saba mpaka aanze kuhesabu vidole. Mpe pakiti, toa zile za picha, wakae wawili, kila mmoja afunue moja. Mwenye kubwa anachukua zote mbili. Baada ya juma moja hahesabu vidole tena, maana mwenzake hamsubiri. Marekani mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha utafiti wa watoto wa chekechea wa familia zenye kipato kidogo. Waliwachezesha mchezo wa visanduku vyenye namba 1 hadi 10, kwa jumla ya kama saa moja tu. Wakaimarika katika namba, na walipopimwa tena wiki tisa baadaye walikuwa hawajapoteza walichokipata.

MZEE: Visanduku. Hukusema karata.

MWALIMU: Namba ni zile zile, mzee.

MZEE: Basi chora visanduku. Tena huo mchezo wako wa kufunua moja moja, niambie, mtoto anaamua nini? Karata imekaa kifudifudi, haijui, anaifunua, ameshinda au ameshindwa. Hakuwaza, hakuchagua. Mwalimu, hiyo ni kamari kamili. Imekosa hela tu.

BIBI: Mzee amekushika.

MWALIMU: Na wewe bibi!

BIBI: Amekushika, baba. Mchezo ambao hata kuku angeucheza mimi siufundishi nyumbani kwangu.

Sikutegemea watu hawa wawili waungane, na hapa ndipo mjadala unapoanza kunikamata. Kwa kawaida tunapanga michezo ya karata kwa urahisi wake: myepesi kwa watoto, mgumu kwa wakubwa. Mzee ameipanga kwa kitu kingine, yaani ni kiasi gani cha ushindi kinatoka kwa mchezaji. Ukiipanga hivyo, mchezo mwepesi kuliko yote, ule tunaouona hauna madhara kwa mtoto wa miaka mitano, ndio unaofanana zaidi na meza ya kamari. Utetezi wa mwalimu ulikuja baadaye, nao ni wa haki: mtoto wa umri huo anahitaji mchezo mmoja duniani anaoweza kumshinda baba yake bila baba kujifanya ameshindwa. Nakubali. Lakini asibaki hapo miaka mitatu.

MWALIMU: Ndiyo maana kuna lasti kadi. Kila mtu karata tano, moja inafunuliwa katikati, unatupa inayolingana nayo kwa namba au kwa aina. Huna, unaokota. Ukitupa mbili, anayefuata anaokota mbili. Ukibakiwa na moja useme, usiposema unaadhibiwa. Hapo mtoto anachagua. Ana saba ya kopa na saba ya pau, atoe ipi? Anamtazama dada yake, anakumbuka kwamba dada aliokota mara ya mwisho ilipotupwa pau. Wakenya wanao, mtu akikaribia kumaliza anatangaza "niko kadi". Waganda wanauita Matatu, na kwao saba ndiyo inayoukata mchezo, kila mtu ahesabu alizobaki nazo mkononi. Hata ule wa Uno unaouzwa kwenye maduka makubwa ni wa ukoo huo huo. Aliubuni kinyozi wa Ohio, Merle Robbins, mwaka 1971. Sisi hatuhitaji kununua pakiti ya pili.

MAMA LISHE: Huo hata wangu wanaucheza. Kelele zake!

BIBI: Kelele si kitu. Mtoto anayepiga kelele unajua yuko wapi.

BIBI: (anaendelea) Sasa nisikilizeni. Mume wangu alikuwa mchukuzi stesheni ya Mwanza. Reli ilifika pale kutoka Tabora mwaka 1928, kabla hata mimi sijazaliwa, na watu wa reli walikuwa wa kila mahali: Tabora, Ujiji, Morogoro, pwani. Mtu wa Tabora ndiye aliyemfundisha wahedi wa sitini, naye akanifundisha mimi, mimi nikafundisha watoto saba. Unatoa nane, tisa na kumi. Zinabaki karata 40. Watu wanne, kila mmoja kumi, unayetazamana naye ndiye mwenzako. Ree ina pointi 11. Saba ina 10. Mzungu wa nne ana 4, wa tatu ana 3, wa pili ana 2. Zilizobaki ni garasa, hazina kitu.

MAMA LISHE: Ngoja, bibi. Wazungu hao ni kina nani?

BIBI: Vijana wanawaita kingi, jeki na kwini. Mzungu wa nne ndiye mfalme.

MAMA LISHE: Na kwini ndiye wa pili? Yuko chini ya jeki? Malkia chini ya kijana wa kazi?

BIBI: Ndivyo tulivyoikuta.

MAMA LISHE: Ningejua tu.

MWALIMU: Hesabu hizo hazikuanzia Tabora, mama. Wareno wanao mchezo uitwao Sueca, wanaucheza mpaka leo: karata 40, watu wanne wawili wawili, pointi hizo hizo, 11, 10, 4, 3, 2, na malkia wao naye yuko chini ya kijana. Kopa, uru, shupaza, pau, turufu, yote ni maneno yao. Walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593, wakafukuzwa 1698. Ngome ikabaki, na karata zikabaki.

BIBI: Mimi sijui ya Mombasa. Najua kwamba kila aina ina pointi 30, aina ziko nne, jumla 120. Nusu ni 60. Anayetaka kushinda lazima apate 61, na jina la mchezo ni hiyo hiyo, moja na sitini. Sasa angalieni. Mimi naanza na ree ya kopa. Mpinzani wangu wa kwanza ana kopa moja tu mkononi, nayo ni saba. Afanyeje? Lazima afuate, anaitoa huku anaumia. Mwenzangu anaona mkono ni wetu, anatupia mzungu wa tatu. Wa mwisho anatoa garasa. Semeni mmepata ngapi.

MAMA LISHE: Kumi na moja... ishirini na moja... ishirini na nne.

BIBI: Na zinabaki ngapi kufika?

MAMA LISHE: Thelathini na saba.

BIBI: Umehesabu haraka kuliko mwanangu wa tatu, na yeye yuko benki.

MAMA LISHE: Mimi nahesabu chenji siku nzima, bibi.

Nawaomba wasomaji wakae kidogo kwenye mkono huo. Mwishoni mwa mchezo upande mmoja tu ndio unaohesabu karata zake. Wakipata 58, hakuna haja ya kuzigusa za wenzao, kwani 120 ukitoa 58 ni 62, basi wameshindwa. Mtoto wa miaka tisa anafanya kutoa huko mara nyingi kwa jioni moja bila kuambiwa kwamba ni hesabu, na akikosea, watu watatu wanamrukia. Juu ya hapo kuna kukumbuka. Kopa ziko kumi. Zimetoka sita, mkononi mwangu nina mbili, basi mbili ziko kwa wengine, na wawili kati yao wamekwisha kukata kwa turufu, kwa hiyo zote mbili ziko kwa yule wa kulia. Sijui somo la shule ya msingi linalomdai mtoto hivyo na akalipa kwa furaha. Bahati ipo, iko kwenye mgawo. Lakini mwenye karata mbaya anayekumbuka humfunga mwenye karata nzuri anayeota, na mtoto akiliona hilo kwa macho yake, mara moja tu, amepata jambo ambalo ule mchezo wa kufunua moja moja hauwezi kumpa.

MZEE: Bibi, umesema vizuri. Sasa sema na lile lingine. Kukonyezana.

BIBI: (anacheka) Ah.

MZEE: Mnakaa wawili wawili. Huyu anagusa sikio, maana yake ana ree. Yule anakohoa. Nimewaona wazee wazima barazani, mmoja anatoa ulimi kama kenge. Ndicho unachowafundisha wajukuu?

BIBI: Ninawafundisha kuona. Nyumbani kwangu ishara hairuhusiwi na haikatazwi. Ukionekana, mkono mmeupoteza, pointi zote kwa wenzenu. Mtoto anajifunza mambo mawili: kumtazama mtu usoni, na kwamba akidanganya mbele ya bibi ataonekana.

MZEE: Na asipoonekana?

BIBI: Basi bibi amezeeka.

MWALIMU: Hapo mimi naachana nawe, bibi. Darasani ishara ni marufuku, na anayeitoa anakaa nje mchezo mzima. Mtoto hawezi kutofautisha ujanja wa mkekani na ujanja wa chumba cha mtihani. Kwake ni jicho lile lile linalokonyeza.

Hawakupatana, na mimi sina hukumu ya kuwapa. Kwa watu wazima naiona ishara kuwa nusu ya utamu wa mchezo. Kwa mtoto ningemfuata mwalimu, shingo upande.

MAMA LISHE: Mnaongea kama karata ziko nyumbani tu. Mimi niko kivukoni tangu alfajiri. Kule Busisi daraja limefunguliwa mwaka 2025, foleni ya feri imekwisha. Hapa bado watu wanasubiri chombo, na penye watu wanaosubiri hamkosi yule wa karata tatu. Si hapa tu, ni stendi zote, ni minada yote. Ana boksi, ana karata tatu, anazizungusha, wewe onyesha mzungu yuko wapi. Wa kwanza anashinda, wa pili anashinda. Wote wawili ni wapambe wake, jana walikula kwangu sahani moja. Wa tatu ni mtu ametoka kuuza mbuzi.

BIBI: Unaona! Huyo wa mbuzi, angefundishwa nyumbani...

MZEE: Hapana, mama. Hapana. Hapa nakukatalia kabisa. Asiyejua karata hasimami pale. Anapita. Anayesimama ni yule anayejiona anajua, aliyekuwa bingwa wa lasti kadi kwao, macho makali, anasema mimi nimemwona mzungu kaenda kushoto. Karata tatu haimli mjinga. Inamla mwenye kujiamini, na kujiamini huko mmempa ninyi, mkekani.

Hakuna aliyemjibu mara moja. Ndiyo hoja nzito kuliko zote alizoleta, na inawagusa wote wanaosema, kama mimi nilivyokuwa nikisema, kwamba mtoto anayezijua karata hatapeliki.

BIBI: Leteni karata tatu.

MWALIMU: Bibi!

BIBI: Leteni. Angalieni mkono wangu, unatetemeka lakini utatosha. Mkono wa kulia nimeshika mbili, moja juu, moja chini. Mzungu yuko chini, nimewaonyesha. Sasa naitupa ya chini. Mmeona? Iko wapi?

MAMA LISHE: Hiyo hapo.

BIBI: Funua.

MAMA LISHE: Garasa!

BIBI: Nimetupa ya juu. Vidole vimeachia ya juu, macho yenu yakaifuata ya chini kwa sababu niliwaonyesha ya chini. Hakuna kumwona mzungu pale, baba, hata uwe na macho ya tai. Unachotakiwa kukiona ni vidole, na vidole havionekani. Wajukuu zangu wote nimewafanyia hivi. Wa kwanza kulia alikuwa yule mwenye macho makali.

MZEE: Na baada ya hapo?

BIBI: Wakajifunza kumtupa mzungu. Walipojua kumtupa, hawakutaka tena kumtafuta.

MZEE: Umewafundisha wizi ili wasiibiwe.

BIBI: Nimewaonyesha mlango wa nyuma wa duka. Sikuwaambia wafungue duka.

MZEE: Na msikitini kwenu wanasemaje? Maana hata huko naona kuna makatazo.

BIBI: Yapo. Aya ya 90 ya Surat al-Maida inakataza kamari, na kuna mashehe wanaosema hata bila hela ziache, zinakula muda wa sala. Ndiyo maana kwangu hakuna hela wala kifuniko wala kokwa la embe, na adhana ikilia karata zinafunikwa zilivyo. Anayechungulia wenzake wakiwa wanatawadha, namjua.

Hapo mama lishe, aliyekuwa amenyamaza muda, aliweka chini sufuria aliyokuwa ameishika.

MAMA LISHE: Sasa mimi. Hamjaniuliza swali langu. Wale watoto saba wa bibi, na wajukuu, na wale wa mwalimu: nani anacheza? Mimi kwetu tulizaliwa sita, wavulana watatu. Jioni wao mkekani na karata, sisi uani na masufuria. Nilijifunza lasti kadi kwa kusikia kelele. Leo nimehesabu ishirini na nne mkanisifu, mnadhani ningekuwa wapi kama ningekaa mkekani na mimi nikiwa na miaka tisa? Mzee anataka karata zitoke nyumbani, ninyi mnataka ziingie. Kwa msichana zilikuwa zimeshatoka siku nyingi.

MWALIMU: Ni kweli. Hata darasani wavulana ndio wanaojua majina ya aina.

BIBI: Kwangu mimi ndiye nagawa, binti.

MAMA LISHE: Wewe una miaka themanini, bibi. Sufuria hazikudai tena. Mimi nasema hivi: karata hazitoki kabatini mpaka vyombo viwe vimeoshwa, na vinaoshwa na wote. Au tufanye rahisi, watakaoshindwa ndio waoshe.

MZEE: Simama hapo. Hiyo ni kamari.

MAMA LISHE: Kuosha vyombo?

MZEE: Mwandishi ametuambia: pesa, au kitu chenye thamani ya pesa. Yule binti anayekuoshea sahani pale kivukoni, anaosha bure?

MAMA LISHE: Namlipa kwa siku.

MZEE: Basi ina bei, na ikiwa ina bei ni dau. Leo wanacheza kwa sufuria, kesho kwa zamu ya kuchota maji, keshokutwa yuko mwaloni anacheza kwa mgawo.

MWALIMU: Mzee, kwa hesabu hiyo hata mbio za magunia ni kamari.

MZEE: Mbio za magunia hakuna anayekopa.

BIBI: Amenishika na mimi sasa. Kifuniko nilikikataa, nikikubali sufuria nitamwambia nini? Basi, binti, tusiifunge kwenye mchezo. Waoshe wote, walioshinda na walioshindwa, kabla sijagawa.

MAMA LISHE: Sawa. Na wavulana waanze.